Kamera ya Kumwona Kotone

Kwa miaka kumi na tisa, mtu wa Okayama aliyeingia dukani pale kutafuta kamera aliuliza kwanza, "Bi Tokiko yupo?" Tangu Juni walikuwa wakiuliza, "Yule binti wa Osaka yupo?" Binti mwenyewe alikuwa Chizuru, muuzaji mpya mwenye miaka thelathini na maneno matamu, na kila swali la namna hiyo lilimwasha Tokiko kama pilipili jichoni.

Siku moja ya Septemba alirudi kutoka chakula cha mchana akamkuta Mzee Uchida mbele ya Chizuru. Mzee Uchida, mteja wake tangu enzi za filamu!

"Mjukuu wangu Kotone anakimbia siku ya michezo ya shule," mzee alikuwa akieleza. "Wazazi wake watawahi kutandika turubai mbele alfajiri. Sisi vikongwe tunatupwa nyuma kabisa."

"Basi chukua hii kamera ya video, mzee wangu," alisema Chizuru. "Lenzi yake inavuta mbali sana. Hiyo ya mfukoni inafaa picha za mnato za karibu. Na ile kubwa ya kubadilisha lenzi haichukui video, itakuvunja shingo bure."

Mzee akacheka. Kicheko hicho Tokiko hakukistahimili.

"Mzee Uchida, utabeba tofali hilo kwa mgongo huo?" aliingilia. "Chukua hii ndogo. Inapiga picha, inachukua video, na kuvuta inavuta vilevile."

Chizuru akairudisha kamera ya video kabatini. Mzee akaondoka na ile ndogo, na Tokiko akashinda akiimba chinichini.

Kesho yake ngoma za mazoezi ya michezo zilisikika kutoka shule ya nyuma ya duka. Tokiko alichukua kamera ya aina ileile, akapanda ghorofani, akaielekeza uwanjani. Watoto wote walivaa fulana nyeupe na kofia nyekundu. Lenzi ilipofika mwisho wa uwezo wake, kamera ikaanza kuitanua picha tu, na nyuso zikageuka vipande vya rangi. Alimfuata mtoto mmoja hadi kwenye utepe, na bado hakuweza kuapa kama alikuwa msichana au mvulana.

Mzee angemrekodi mjukuu wa watu, mbio nzima.

Angeweza kunyamaza. Asiponyamaza, ingembidi kumpa Chizuru haki yake. Alizunguka simu mara tatu ndipo akaiinua.

"Mzee wangu, irudishe. Chizuru alisema kweli."

"Nilijua," mzee alijibu. "Lakini ningekuaibishaje mbele ya mgeni, Bi Tokiko?"

Jumanne baada ya michezo mzee aliingia na kamera ya video mkononi. "Kotone wa pili! Binti wa Osaka yuko wapi? Lazima aone!"

"Ametoka kula."

"Basi anza kuona wewe."

Kwenye kioo cha kamera, Kotone alikata kona huku amekenua. Hata pengo la jino lilionekana. Tokiko alisifu mbio, akasifu mguu, lenzi hakuisifu.

"Urudishe mkanda mwanzo," mzee akasema, macho mlangoni, "asije Chizuru akaanzia katikati."

Tokiko akabonyeza kitufe, akaurudisha mkanda mpaka mwanzo kabisa.