Visu vya Xaveria Hupita Darajani

Watu wa Kayanga wana midomo, nami ni mmoja wao, kwa hiyo nitasema. Wanadai Xaveria ni mwanamke asiye na kwake. Uongo mtupu. Xaveria ana kwake, tena kwake kuna kitanda, jiko la mkaa, pazia la maua na picha ya Bikira Maria. Ila nyumba yenyewe ni Hiace kuukuu, na asubuhi ikiwa Igurwa, jioni utaikuta Nkwenda.

Mimi naitwa Nadhira, nauza vyombo karibu na stendi ya Kayanga. Babu yangu alikuja huku kutoka Pangani na kanzu yake, akaoa, akazoea baridi, akazikwa hapa. Sufuria nauza, vijiko nauza, visu siuzi. Mtu akishaonja kukata nyama kwa kisu cha Xaveria hataki tena vile vya dukani vinavyopinda vikikutana na limau. Nilijaribu kushindana naye mwaka mmoja, nikaona heri nimfanye rafiki.

Mumewe, Polikarpi wa Rugu, alikuwa mhunzi. Alifua visu, mapanga na mihoro, ile yenye ncha iliyopinda tunayopogolea migomba. Yeye alifua, kazi ambayo sasa hufanywa na vijana aliowafundisha, Xaveria akanoa na kutia mipini, kisha wakapakia kwenye Hiace na kuzunguka magulio. Hawakujaliwa watoto. Polikarpi alipofariki, hata matanga hayajaisha vizuri, Yustus, ndugu wa marehemu, akaja na wazee wa ukoo kumweleza mjane kwamba kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba iliyomo, ni cha ukoo, lakini anaweza kuendelea kukaa kama ataelewana na Yustus. Kuelewana huko maana yake nini, naona haya kuandika.

Xaveria aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai wote, halafu akasema, "Kibanja chenu kaeni nacho. Mimi nyumba yangu ina magurudumu."

Wiki hiyohiyo akang'oa viti vya nyuma vya Hiace na kumwita fundi seremala. Kuendesha hakujua. Alifundishwa na kaka yangu Shabani, ambaye alikuwa akirudi nyumbani jioni ametota jasho na kusema, "Dada, yule mama anakanyaga breki kama anaua nyoka." Aliangusha uzio wa watu, akaujenga mwenyewe kesho yake, akaendelea kujifunza. Alipopata leseni ya udereva alipita mbele ya nyumba ya Yustus akipiga honi, na sijui nani angemlaumu. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Sasa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, kuna wakulima wa ndizi kama sisi, na lugha yao na Kinyambo cha huku ni mtu na binamu yake. Wanaipenda mihoro ya Karagwe. Wauzaji wengi huivusha kwa mtumbwi, chini huko kwenye matete, wakikimbia ushuru na maswali. Tulimwambia Xaveria afanye hivyo hivyo. Sote tulimwambia, na mimi nikiwa mbele.

"Nimeiba?" akaniuliza. "Kisu kinachofichwa ndicho kinachotisha watu. Mimi nitapita darajani, mchana, na nyumba yangu."

Basi akaanza kuzunguka maofisini kuuliza sheria inataka nini kwa mtu anayesafiri na visu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kila alichoambiwa alikitimiza. Visu viwe bidhaa zilizotangazwa: akavitangaza. Vifungwe: akafunga kila kimoja kwa jani kavu la mgomba na kamba. Viwe mbali na dereva, kwenye sanduku lenye kufuli: akatengenezesha sanduku la mninga, likakaa chini ya kitanda. Ushuru akalipa, vibali vya gari akalipia. Akaniambia, "Nadhira, nimekuwa mwali. Nimechezwa nimekamilika." Nikafunga duka, nikapanda, kwani nilitaka kuona birika za huko bei gani.

Tulifika mpakani jua likiwa kali. Kwenye kizuizi alikuwepo askari kijana, mgeni wa sehemu zetu, uso umenyolewa safi na buti zinang'aa. Alipekua makaratasi, hakuona kosa. Akaingia ndani ya Hiace, akatazama kitanda, jiko na Bikira Maria, akaomba sanduku lifunguliwe. Xaveria akalifungua.

"Mama, hizi ni silaha."

"Ni visu, afande. Silaha ni hiyo uliyoning'iniza wewe begani."

Nilimfinya. Hakusikia, au alisikia akapuuza. Kijana akashuka garini, akanyoosha mkono. "Nipe kimoja nikione."

Xaveria akachagua kisu kikubwa cha nyama, akakifungua kwenye jani, akakiweka pale kwenye ukingo wa mlango, mpini ukimwelekea kijana. Kisha akarudi nyuma kidogo.

"Nimesema nipe."

"Nimeshakupa. Kiko hapo."

"Mkononi, mama!"

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali atadhani Xaveria alikuwa anajitia kiburi. Kiburi anacho, sikatai, lakini si hicho. Kwao kisu hakitoki mkono wa mtu kikaingia mkono wa mwingine. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Kumpa mtu kisu mkononi ni kuukata undugu, ni kama kumwambia kuanzia leo mimi na wewe basi. Mimi mwenyewe, pamoja na Upwani wangu wote, nikimpa jirani kisu cha kumenyea ndizi nakiweka mezani bila hata kufikiri.

Xaveria akajaribu kumweleza. Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni, hakina mapambo. Akasema, "Afande, mimi nikikupa kisu mkononi, mimi na wewe tutagombana."

Alimaanisha mema. Alikuwa anamkinga kijana wa watu na balaa. Lakini kijana alisikia kitu kingine kabisa, nikamwona anavyobadilika uso.

"Tutagombana? Unamtishia askari kazini, na kisu kiko mbele yako?"

"Sijakutisha. Nimekwambia tutagombana."

"Umerudia tena!"

Nikaruka katikati na maneno yangu yote ya dukani, nikaeleza mila, nikaapa kwa Mungu, wapi. Kijana alishapandwa na mori. Akasema ama mama akabidhi kisu mkononi kwa adabu, ama gari na mzigo vinabaki pale, visu vinataifishwa, na mengine atajua mbele ya safari.

"Hilo gari ndiyo nyumba yangu," Xaveria akasema.

"Utalala wapi hiyo si kazi yangu."

Mwanamke aliyekwisha kunyang'anywa nyumba moja na shemeji sasa ananyang'anywa ya pili na kijana anayeweza kuwa mwanawe. Nikamvuta pembeni. "Dada, nakuomba. Mpe tu mkononi, itachukua kitambo kidogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu yake ataila nani? Wewe?" Akajifunga kitenge chake upya. "Nimefanya kazi na Polikarpi maisha yetu yote, tukagombana kwa mambo mia, na hakuna siku alinipa kisu mkononi. Wale walionifukuza Rugu hawakunipa kisu mkononi. Nimpe huyu mtoto, nimtakie mabaya, ili nipite? Sipiti hivyo."

Akaenda kuketi kwenye ukingo wa mlango kando ya kile kisu, akakunja mikono ndani ya kitenge. Nilimkasirikia, na papo hapo nikaona fahari kumjua.

Nyuma yetu foleni ilikuwa imeota. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, Nestory, na baiskeli yenye mikungu ya ndizi, mhoro umefungwa juu ya mzigo. Kijana, kwa hasira iliyokwisha kukosa pa kwenda, akamgeukia. "Na wewe mzee, hicho ni nini? Lete hapa."

Mzee akafungua kamba taratibu, akainama kwa shida ya kiuno, akaulaza mhoro chini mbele ya zile buti zinazong'aa. Akarudi kwenye baiskeli yake.

Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye kapu la mananasi. Hata hakungoja kuulizwa. Akatoa kisu chake cha kumenyea, akakilaza kando ya mhoro. Akafuata muuza nyama, na chake. Naapa hawakupanga. Hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Wote walidhani leo ni siku ya kukaguliwa visu, wakavitoa kama mtu anavyotoa kisu.

Kijana akatazama chini. Visu vilikuwa vimelala vizuri, mipini yote ikimwelekea yeye.

"Nanyi mnanitisha?" akauliza, na sauti ilikuwa imepungua.

"Hapana, mwanangu," akasema mzee Nestory, kwa mshangao wa kweli. "Tunakupa."

Yule kijana alisimama pale jua likimchoma shingo, akitazama visu, akimtazama Xaveria. Nilimwona akihesabu heshima yake. Kisha akaja mpaka kwenye ukingo wa mlango, akainama, akakiokota kisu cha nyama.

Alikijaribu makali kwa kucha, akaguna. Akakiviringisha tena katika jani la mgomba, vibaya, kama mtu anayefunga zawadi kwa mara ya kwanza. Halafu akamnyooshea Xaveria.

Mikono ya Xaveria ikabaki ndani ya kitenge. Yaa Rabi, nikasema moyoni, huyu mwanamke ataniua leo.

Mkono wa kijana ulining'inia hewani. Kisha ukashuka, ukakiweka kisu palepale alipokiokota, mpini ukimwelekea mama. "Chukua, mama," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba." Xaveria akakiokota, akakirudisha kwenye sanduku, akafunga kufuli. "Sasa hatujagombana."

Chuma cha kizuizi kikapandishwa. Tukavuka mto polepole, mbao za kitanda zikilia nyuma yetu, na chini kwenye matete niliona mitumbwi miwili ikijikunja kivulini. Upande wa pili askari mwingine akasimamisha gari, akachungulia dirishani, akauliza mmebeba nini humo ndani. Mimi nilishaanza kutafuta neno la upole.

Xaveria akashusha kioo chote, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi:

"Visu!"