Boksi la Sabuni Juu ya Piano

Shirika la umma lililoniajiri lilipouzwa, nilirudi Mwanza na shahada ya uchumi na piano niliyoachiwa na mzungu mmoja aliyehama. Shahada hakuna aliyeiulizia. Piano iliuliziwa, nikatundika kibao mlangoni: "Piano kwa umri wowote." Mbinu yangu ilikuwa moja kwa wote: kitabu cha watoto chenye picha za bata, nota za mistari mitano, na kiberiti juu ya mgongo wa mkono ili mkono utulie. Niliiita mbinu ya kisayansi, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

Mwanafunzi wangu mdogo kabisa alikuwa binti wa miaka tisa, mtoto wa Mhindi mwenye duka la jumla. Mkubwa kabisa alikuwa mama mmoja wa Kisesa, aliyefundisha kwaya ya kanisa lao miaka ishirini kwa sauti yake tu. Lakini bidhaa za Dubai zilikuwa zimefika hata makanisani. Usharika wao ulinunua kinanda cha umeme, na wazee wakaamua kwamba mwalimu wa kwaya lazima ajue kukipiga.

"Wamenipa hadi Pasaka," aliniambia siku ya kwanza, baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Nikishindwa, kwaya anapewa mwalimu wa shule aliyehamia juzi. Kijana mzuri, ila anaimbia puani."

Nikamweka mbele ya bata.

Kiberiti hakikuwahi kumdondoka. Mikono iliyoshika jembe tangu utotoni haitetemeshwi na piano. Tatizo lilikuwa nota.

"Mwalimu, hivi viluwiluwi vyote nivikariri?"

"Ndiyo, mama. Ndio muziki wenyewe."

"Na do re mi yangu?"

"Hiyo iache mlangoni pamoja na kandambili."

Yule binti, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akacheka. Nilidhani anamcheka mama.

Wiki mbili kabla ya Pasaka tulikuwa tumemaliza kurasa nne za bata na hakuna wimbo hata mmoja. Nilikwishaanza kuandaa hotuba ya upole kuhusu umri na vidole. Jumamosi hiyo mama akaja na ukanda mrefu uliokatwa kwenye boksi la sabuni. Alikuwa amepima kinanda cha kanisani, kule nyuma ambako vitufe vyeupe na vyeusi vinabanana, akaandika d, r, m hadi mwisho, akiacha nafasi panapotakiwa. Akausimamisha nyuma ya vitufe vya piano yangu. Wimbo ukiwa juu mno kwa waimbaji, alinieleza, anausogeza ukanda kushoto, na do inahama nao.

"Mama, hii si mbinu," nikasema.

"Najua. Ni boksi."

Akapiga wimbo wa Pasaka, mikono yote miwili, ubeti mzima. Binti akasogea hadi kwenye piano. "Mwalimu, na mimi naomba boksi."

Siku ya Pasaka nilikwenda Kisesa kama mgeni rasmi. Kwaya ilianza, na sauti ya kwanza wakapaa hadi kina mama wa mbele wakakunja nyuso. Yule mwalimu wa shule akajiweka sawa kwenye benchi. Mama aliinua mkono, akanyamazisha kila mtu, akasogeza boksi vitufe viwili kushoto, akaanza upya. Safari hii waliimba kama watu waliokaa kwao. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu nami alimnong'oneza mwenzake, "Basi, abaki yeye."

Baada ya ibada mama alinisimamisha mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha."

Walinipigia makofi. Mtu mwaminifu angesema neno. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kisha nikapokea kuku jike, ambaye njia nzima hadi Mwanza alinitazama kwa jicho moja.

Jumatatu nilikwenda dukani kwa baba wa yule binti kuomba maboksi matupu. Binti ndiye aliyenikatia kanda. Zangu mimi nilikosea vipimo.