Gari Lililokataa Sumaku

Sumaku yangu ilianguka mara tatu kabla sijaamini. Niliigusisha kwenye mlango wa lile gari dogo, ikateleza, ikadondoka vumbini. Nikaipeleka kwenye boneti, ikadondoka. Nikazunguka hadi kwenye buti, nikaikandamiza kwa kiganja kama mtu anayebandika stempu, nikaachia taratibu. Ikadondoka, ikanipiga kidole cha mguu.

Sisi mafundi wa bodi hupima gari kwa sumaku. Ikishika, hapo pana bati. Ikikataa, hapo pana puti, ule uji unaoganda tunaotumia kufukia mabonde na mashimo ya kutu. Tangu nilipoirithi gereji ya marehemu baba hapa Same mjini, nilikuwa nimepima mapikapu, mabasi na hata jeneza moja la chuma, lakini sikuwahi kukutana na kitu kilichokataa sumaku kila mahali.

Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu wa kemia, mzee mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikaweza kukata mkate. Alifundisha nchi za kusini miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani na mkewe, makasha ya vitabu, na hilo gari la spoti la viti viwili, kuukuu, jekundu lililopauka, fupi kiasi kwamba mbuzi angechungulia ndani bila kuinua shingo. Alitaka nibandue rangi yote ya zamani, nilisafishe, kisha nilipake upya.

Nikamketisha kwenye benchi. Habari za msiba hazitolewi mtu akiwa amesimama.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya chini, "pole sana. Gari lako lote ni puti."

Akanitazama. "Lote?"

"Lote. Sijui linashikiliwa na nini. Labda rangi."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mkewe, mama mnene mpole aliyekuwa ameshika chupa ya chai, ilibidi ampige mgongoni.

"Binti yangu," Mwalimu alisema alipopata pumzi, "hiyo ni alumini. Sumaku haishiki alumini. Hilo tunalifundisha kidato cha kwanza."

"Alumini kama sufuria?"

"Kama sufuria."

Mama yangu mzazi, ninayeishi naye nyuma ya gereji, alikuwa mlangoni pa jiko akichambua maharage ya makande. Akainua kichwa. "Yaani mwalimu wa watu anatembelea sufuria?" Tangu siku ile, pale uani kwetu gari halikuwa na jina jingine.

Mwalimu aliniachia masharti, karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu. Nisitumie brashi ya waya. Nisitumie moto. Nisitumie msasa uliokwisha kugusa chuma. Yalikuwa masharti mazuri, na niliyafuata yote ya karatasi ya kwanza. Ya pili sikuisoma.

Dawa ya kubandulia rangi ilikuwa itoke Moshi, ikachelewa. Siku ya nne nikachoka kulitazama gari. Jirani yangu anatengeneza sabuni, na nilikuwa nimemwona akibandua rangi ya dirisha la chuma kwa kostiki, ile soda kali ya sabuni, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha uji. Nikaomba kidogo. Lakini mimi si mjinga, nikasema nijaribu kwanza kwenye alumini nyingine. Alumini iliyokuwa karibu ilikuwa mfuniko wa sufuria kubwa ya mama.

Nikavaa glavu, nikamimina. Kwanza mfuniko ulitulia. Kisha ukaanza kuchemka wenyewe, bila jiko wala kuni, ukitoa povu na mvuke unaokereketa koo, ukageuka mweusi kama uso wa mtu aliyetukanwa. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Ulipopoa niliumwagia maji mengi, nikauinua kwa koleo, na kupitia katikati yake nikaiona milima ya Pare.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Huo ni mfuniko wangu?"

"Ulikuwa."

Akauzungusha akiutazama kwenye mwanga. "Una gereji, una watoto, wanaume wanakuita fundi," alisema, "na hujui kwamba sufuria haisuguliwi kwa kostiki." Halafu akaingia ndani akabadilisha kanga. Nilifikiri anakwenda kanisani kuniombea. Kumbe alikuwa anaanza kazi.

Dawa ilifika kesho yake. Ilikuwa ya kupaka kwa brashi tu, ukasubiri rangi ikunjamane kama utando wa maziwa yaliyochemka, ukaikwangua kwa kipande cha plastiki. Hiyo ilikuwa sehemu yangu. Nyuma yangu mama alifuata na kigoda, maji na kitambaa cha kusugulia, akisugua alumini iliyobaki uchi kwa mwendo mmoja, mbele na nyuma.

"Usizungushe mkono," aliniamuru. "Ukizungusha, jua likipiga miduara yote itaonekana, mpaka Yesu arudi."

Nilitaka kumjibu kwamba hii ni kazi yangu. Nikatazama boneti aliyoimaliza. Ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Nikaunyoosha mkono wangu, mbele na nyuma.

Mwalimu alikuja kila asubuhi na kiti chake cha kukunja, mkewe na chupa ya chai. Kila kipande cha rangi kilipobanduka, alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Tulipofika fenda ya mbele kushoto, ule ubavu unaofunika gurudumu, alisimama kabisa.

"Hapa nenda taratibu, fundi. Hii ndiyo fenda safi kuliko zote. Gari hili halijaendeshwa na mtu mwingine tangu nilinunue. Miaka thelathini, hata mkwaruzo mmoja hakuna."

Nikapaka dawa. Rangi nyekundu ikakunjamana. Nikakwangua, na chini yake ikatokea puti ya rangi ya waridi, nene kama kipande cha mkate wa boflo.

Niliendelea kukwangua mpaka likatokea bonde la ukubwa wa bakuli, na ndani yake mstari wa rangi ya kijani.

"Huyo aliyeniuzia!" Mwalimu alifoka. "Alinificha! Na nilimwamini, tulisali pamoja!"

Mkewe aliitua chupa ya chai chini, polepole mno. Nadhani angeweza kumwachia muuzaji lile kosa. Muuzaji mwenyewe alikuwa mbali na huenda alishakufa. Lakini mama yangu aliinama, akaupapasa ule mstari kwa kucha.

"Huyo aliyekuuzia alikuwa na geti la kijani?"

"Hapana," Mwalimu akasema, "geti la kijani lilikuwa la..." Akasita. Akageuka kama mlango mzito. "...letu."

"Ulikuwa umekwenda kusahihisha mitihani," mkewe alisema. "Wiki mbili."

"Na wewe?"

"Nilitaka kwenda sokoni tu."

"Kwa gari langu?"

"Ulikuwa unalifuta kila Jumamosi, mume wangu, unalisemesha. Nikataka kujua lina nini ambacho mimi sina."

"Nani alikufundisha kuendesha?"

"Wewe. Nilikuwa naangalia miguu yako."

Alisimulia yote, mikono imetulia mapajani. Kwenda sokoni alikwenda salama; geti lilimshinda wakati wa kurudi. Akatafuta fundi, akamsimamia, na gari liliporudi linang'aa mno akachukua ungo, akalichekechea vumbi mpaka lifanane na alivyoliacha mumewe.

Mwalimu alitembea hadi barabarani, mikono nyuma, akasimama akitugeuzia mgongo. Niliogopa. Mama aliendelea kusugua mlango. Baadaye mzee akarudi.

"Miaka yote hiyo," akamwambia mkewe, "nimekuwa nikiwaonyesha wageni fenda hii."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nawaletea chai."

Siku mbili hawakuonekana. Siku ya tatu walikuja wote, na chupa ya chai ilikuwa mkononi mwa Mwalimu. Sikuuliza.

Alumini ni laini, nyundo ya chuma huiumiza. Niliifungua fenda, nikailaza juu ya mfuko wa mchanga, nikachukua mchi wa kinu uliofungwa kitambaa, nikalipiga bonde kutoka ndani, tu, tu, tu, hadi likarudi. Mkewe Mwalimu aliomba apige mara moja. Akapiga mara tano.

Kupaka rangi Same ni kugombana na upepo. Tulianza alfajiri kabla haujaamka, tukamwaga maji sakafuni, tukatundika vitenge vibichi mlangoni kuzuia vumbi. Praima, ile rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine, ilibidi ipakwe mara baada ya kusugua, kwa maana alumini iliyo uchi haichukui muda kujivika utando, na mama alituzuia hata kuongea karibu nayo. Ikabaki kuchagua rangi.

"Nyekundu," Mwalimu alisema.

"Kijani," alisema mkewe.

"Kijani kipi?"

"Unakijua."

Tukapaka kijani.

Siku ya kulichukua, Mwalimu alitoa hotuba fupi ya shukrani, akamshika mama mkono, akanishika mimi, akaaga hadi jirani wa sabuni. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mkanda umefungwa. Mzee akasimama kidogo upande ule, akazunguka, akajikunja kuingia upande wa abiria. Wakashika barabara kuu kuelekea Mwanga.

Walirudi baada ya saa mbili. Mama wa watu aliteremka mwenyewe, amechangamka, akaanza kumsimulia mama yangu jinsi lori lilivyowapisha. Mwalimu alishindwa kutoka. Gari lilikuwa chini mno na magoti yalimgomea. Nikamvuta kwa mikono miwili, akaja taratibu kama msumari unaong'olewa ubaoni, akanishika bega apate kusimama.

"Anaendesha vizuri kuliko mimi," alininong'oneza, akitazama kule walikosimama wanawake. "Tafadhali usimwambie."