Funguo za Fundi Sikio

Walimwita Fundi Sikio, na jina hilo halikuwa la utani. Kwa miaka arobaini alitengeneza redio kwenye kibanda cha mabati, na mtu akimletea spika, hakuanza kwa kuifungua. Aliisikiliza. Alikuwa na kanda aliyoirekodi mwenyewe, na ndani yake hamkuwa na kitu ila kicha cha funguo kikidondoka kwenye sakafu ya saruji, mara thelathini.

“Muziki hudanganya,” aliwaambia wateja. “Wimbo unaoupenda utausikia mtamu hata ndani ya kopo. Funguo hazina mpenzi.”

Tangu afunge kibanda, hakuna aliyemwuliza tena jambo lolote kwa sababu ya sikio lake. Ndiyo maana siku bintiye, mkunga, alipomwonyesha chumba kimoja cha nyumba yake mpya, hatua tano kwa nne, chenye pazia zito na rafu ya mbao, akamwambia hiki ni cha kusikilizia muziki na spika atachagua yeye, mzee alijifanya anakagua dari ili asionekane macho.

Dukani alianza vizuri. Alimweleza mama muuzaji kwamba chumba cha wastani hakitaki majitu ya kusimama sakafuni. Besi itagonga ukuta irudi imenuna. Kinataka spika ndogo za rafuni, zikae usawa wa sikio la mtu aliyeketi, shubiri moja mbele ya ukuta. Muuzaji akamsogezea kiti.

Kanda ilikuwa imehamishiwa kwenye simu. Wakaunganisha jozi ya kwanza. Mzee akasikiliza, akakunja uso. Zimezibwa, alisema. Jozi ya pili ikawa imefunikwa blanketi. Ya tatu, funguo zilidondoka kama magunzi. Akavilaumu viwanda, akailaumu tamaa ya siku hizi. Bintiye, aliyekuwa akipepesa macho kila funguo zilipolia, aliacha kupepesa akaanza kumtazama.

“Mzee wangu,” muuzaji alisema alipoweka jozi ya nne, ya bei kubwa kuliko zote, “hizi zikishindwa, basi hata jogoo asiwike.”

Zikashindwa. Mzee alipiga magoti mbele ya rafu, akasogeza uso mpaka karibu na kile kispika cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Nyuma yake mkunga alifungua mkoba atafute leso, na funguo zake za nyumba zikaponyoka, zikaanguka kwenye vigae. Muuzaji aligeuka. Mteja aliyekuwa mlangoni aligeuka.

“Haya, leta nyingine,” alisema Fundi Sikio.

Hakuna aliyesogea. Akainua kichwa, akaona wote wanatazama chini, akayafuata macho yao. Funguo zilikuwa kando ya kisigino chake.

Aliziokota. Akazitikisa sikioni, kama mtu anayepima kama kiberiti kimeisha. Akahamia sikio la pili, akatikisa tena, mara nyingi.

“Tangu lini, Baba?”

“Sijui, mwanangu. Hazikuniaga.”

Muuzaji akajifanya ana kazi kwenye waya. Mzee alibaki amepiga magoti, na mkunga alipomshika kiwiko amwinue, alimwomba asubiri kidogo. Akaomba warudishe jozi ya kwanza, ile aliyoikataa haraka kuliko zote. Kanda ikaanza.

“Zinalia?”

“Zinalia.”

“Zinaliaje? Nieleze.”

Mkunga alikuwa na maneno kwa mama aliyezaa na kwa mama aliyepoteza. Aliyatafuta sasa, huku funguo zikidondoka na kulia kwenye spika zote mbili, safi, na hakupata hata moja.

“Kama funguo, Baba,” alisema mwishowe.

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama walivyokuwa wakiitikia wateja wake alipowaeleza jambo wasilolielewa na wakaona aibu kuuliza tena.