Mwaka Mume Wangu Alipokonda

Mume wangu amechoma nyama Kikopey, kando ya barabara kuu, tangu kabla hatujaoana, na miaka hiyo yote tumbo lake ndilo lililokuwa tangazo letu. Mteja akishuka kwenye gari na kukuta wenye bucha wote wanamwita kwa mikono, anaenda kwa yule mnene. Nyama ya mtu aliyekonda nani ataiamini? Nami nilijivunia lile tumbo, siwezi kudanganya. Asubuhi nilimpa chai ya maziwa yenye sukari ya nguvu na chapati tatu. Mchana alikula huko huko kazini, mbavu za mbuzi na soda. Jioni nilimpakulia sahani ambayo mimi ningeimaliza kwa siku mbili.

Alipoanza kuchoka ovyo na kushikashika ubavu wa kulia, nikampeleka Nakuru. Picha ya tumbo ikaonyesha ini limejaa mafuta. Jamani, nilicheka! Nikamwambia daktari, "Huyu ameokoka. Pombe hajaonja hata tone." Kwetu ini ni ugonjwa wa walevi, na kama hunywi, basi la kwako halina neno.

Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wangu, hakucheka. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza waru, viazi hivi vya kawaida, Gilgil.

"Sawa, mama. Kwa stoo yako, magunia yakiingia kumi kila siku na kutoka mawili, itakuwaje?"

Nikamjibu stoo itajaa mpaka mlangoni, na waru za chini zitaoza. Akasema seli za ini nazo ziko hivyo. Mafuta yanaziingia kutoka kwa chakula na kutoka kwa mwili wenyewe, na sukari ikizidi zinaigeuza mafuta pia. Mengine zinayachoma, mengine zinayatoa kwa damu, lakini zikilemewa zinayaweka ndani. Zikijaa sana zinaumia, ini linavimba, nyingine zinakufa, na mwili unaziba pale mahali kwa kovu.

"Mafuta yanaweza kutoka," akasema. "Makovu yakishakuwa mengi na magumu, hapo ni shida. Bado hajafika huko. Apunguze kilo, polepole."

Na akapunguza! Sijawahi kuona mtu mzima akitii vile. Soda aliiacha siku hiyo hiyo. Akawa anaenda kazini kwa miguu, anakula sukuma wiki na ugali wa kipande, nyama anawachomea wengine tu. Baada ya miezi kadhaa mashati yakaanza kumpwaya, na mshipi akautoboa tundu jipya kwa msumari mara tatu. Tuliporudi kliniki, vipimo vya damu vilikuwa vizuri hata daktari akampigia makofi. Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha kama mtoto wa nasari.

Lakini huko nje, ai! Watu wana midomo. Wateja wa siku nyingi walianza kutupita na kwenda kwa jirani, wakimwangalia kwa huruma. Kanisani kina mama walinishika mkono na kukawia kuuachilia. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama sisi wawili tumeshapimwa, na nilijua vizuri anamaanisha kupimwa nini. Halafu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka Longonot. Alimtazama kaka yake juu mpaka chini, akanigeukia mbele ya watoto.

"Tulikupatia mwanamume mzima. Sasa unataka kuturudishia mifupa?"

Nilimweleza mambo ya ini na daktari. Akaniuliza ni daktari gani huyo anayeambia mtu asile.

Nikashindwa. Wacha niseme ukweli: mume wangu hakushindwa, ni mimi. Nilianza na kijiko cha samli kwenye sukuma. Halafu chapati ya Jumapili, halafu chapati ya kila siku. Mwanzoni alikataa, akasukuma sahani na kusema, "Mama, si ulimsikia daktari?" Nikamwambia, "Na mimi je? Unataka niambiwe nakuua?" Nikalia, machozi ya kweli kabisa. Akavuta sahani, akala. Alikula mpaka tumbo likarudi, wateja wakarudi, wifi akanipigia simu kunishukuru, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kliniki tukaiacha. Tungeenda kuambiwa nini?

Miaka minne ikapita kabla miguu yake haijavimba. Macho yakawa ya manjano. Tumbo likawa kubwa kuliko zamani, ila safari hii lilikuwa la maji, na mikono yake ikabaki ngozi na mfupa. Ini limekuwa makovu matupu, ndivyo tulivyoambiwa. Wanamtoa yale maji kwa sindano hospitalini, na wiki mbili zikiisha yamerudi. Mimi namkanda miguu. Napika bila chumvi, napima kila kitu, sikosei hata siku moja, na najua haisaidii tena. Nakaa kando ya kitanda nikimwangalia na sina la kufanya. Woi, sina.

Mwezi uliopita tulimpata tena daktari yule yule. Alifungua faili ya zamani, akasoma, akainua macho.

"Lakini ulikuwa unaendelea vizuri sana. Nini kilitokea?"

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, nilitaka kusema. Mume wangu akaniwahi.

"Ni mimi, daktari. Nilishindwa na mdomo wangu. Huyu mama alinikataza sana."

Daktari akatikisa kichwa, akayaandika hayo kwenye faili. Nilikuwa nimeketi karibu, naiona kalamu ikitembea, na sikusema neno.