Blenda Moja, Namba Mbili

Asubuhi ile nilitoka Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou ninakoishi, bila kujua nitashukia wapi. Nilikuwa na pasipoti, chaja, na ujumbe wa sauti wa mama mmoja mwenye duka Kariakoo, ambaye mimi humnunulia vyombo vya umeme huku. Kwenye metro niliusikiliza tena.

"Mwanangu, umeniletea feki? Watu wamenirudishia blenda, wamezirundika mlangoni."

Hazikuwa feki. Nilizichagua kwa sababu ni zile zile zinazouzwa na duka kubwa la huko kwao, lile lililobandika tangazo kwamba ukiikuta modeli yao kwingine kwa bei ndogo, nao watashusha. Wateja wa mama wakaenda na blenda zake kudai washushiwe. Muuzaji akageuza blenda mbili juu chini, akawaonyesha namba za modeli. Hazikufanana. "Hiyo ya kwenu feki," akasema, na neno hilo likarudi hadi mlangoni kwa mama.

Shule niliiacha mapema, lakini kitu nisichokielewa hakinipi raha. Kwenye katoni paliandikwa mji wa kiwanda, nje ya Guangzhou. Nikashuka metro, nikapanda basi, nikauliza njia kwa kuonyesha picha ya katoni.

Laoban, mwenye kiwanda, alikuwa mwanamke wa makamo. Alinimiminia chai kabla sijaeleza shida. Nyuma yake wasichana walikuwa wakibandika stika. Blenda zilikuja kwenye mkanda mmoja. Zikifika mwisho, nyingine zilipewa namba ya mama, nyingine namba ya duka kubwa.

"Ni mashine moja?" nikamuuliza.

"Moja. Wale waliomba namba yao peke yao."

"Ya nini?"

"Mteja asilinganishe bei." Alisema kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi.

Nikamwomba aniandikie hivyo, agonge na muhuri. Akacheka. "Rafiki, wewe unachukua katoni, wao kontena. Nikikuandikia, utanilisha wewe?" Kisha akalainika. "Nikutengenezee na wewe namba yako? Bure. Hakuna atakayekulinganisha na mtu."

Nikampigia mama palepale. Nikamweleza yote, pamoja na ile namba ya bure.

"Na walionitukana mbele ya duka, nao nitawabandikia namba?" akauliza. "Hapana. Nitanunua moja kwao, nizifungue zote mbili barazani, kila mtu aone mota kwa macho yake. Ila niambie kwanza: huko ndani, kwenye mota, nako hawajabandika namba mbili?"

Sikujua. Laoban alisema mota zinafungwa jengo la pili, na wafanyakazi wa huko wameshatoka. Nirudi kesho. Kama atanionyesha au hatanionyesha, hilo hakulisema.

Nikatafuta pa kulala. Gesti ya kwanza walitikisa kichwa walipoona pasipoti yangu; hawapokei wageni wa nje. Ya pili, juu ya duka la nyaya, walinipa chumba chenye dirisha linalotazama paa la kiwanda. Nikamwandikia mama: "Nalala huku. Usinunue ya kwao mpaka nione ndani."

Alijibu kwa sauti, karibu ananong'ona.

"Haya, mwanangu. Leo duka sijalifungua. Wateja wanagonga, nami nimekaa ndani kimya."