Tabibu Akikuuliza, Mjibu

Siku moja naikumbuka, mwanangu, tena naikumbuka na jasho lake: siku niliyomsindikiza baba yangu kwa tabibu wa tiba asili hapa Lindi. Nakusimulia kwa sababu mama yako, mdogo wangu, ameniambia keshokutwa unatoka Kilwa kuja kumwona daktari wa mitishamba kuhusu hiyo sukari yako. Sikukatazi, njoo. Ila nisikilize kwanza, maana kwenda kwa tabibu kuna namna yake, na babu yako, Mungu amrehemu, nusura aijue akiwa amechelewa.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ufuta. Alizunguka Milola na Kilangala akinunua kwa wakulima, akaja kuuza mjini. Mtu wa watu, mcheshi, kanzu yake haikosi pasi. Lakini alikuwa na ile tabia yetu watu wa pwani: ukimuuliza hali, yeye mzima. Mguu umevimba, mzima. Macho yana ukungu, mzima, alhamdulillah. Hospitali walikwishamwambia ana sukari, wakampa vidonge, naye akawa anavimeza chumbani kimyakimya, hataki hata wateja wake wajue.

Tabibu yule alikuwa mtu wa makamo, amesomea kazi yake na amesajiliwa serikalini. Hakuwa na hirizi wala tunguri. Alikuwa na meza, mizani na mashine ya kupimia presha. Akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, kisha maswali yakaanza. Usingizi unakuja? Asubuhi anakula nini? Usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Baba akawa anatazama dari.

“Mimi sijambo,” akasema. “Nimekuja tu.”

Kumbe baba alikuwa anampima tabibu! Wazee wengi wa zama zile waliamini mganga hodari anakutazama tu, akakutajia ugonjwa wako. Ukimsaidia kwa maneno, umeharibu.

“Mzee wangu, mimi sipigi ramli,” tabibu akamwambia taratibu. “Usiponiambia, sitajua. Kuna dawa yoyote unayotumia?”

“Hakuna.”

Mtoto kumkanusha baba yake mbele ya mtu baki, kwetu, ni sawa na kumvua nguo. Nilikuwa msichana tu, lakini hilo nililijua vizuri. Ila nilimwona tabibu ananyoosha mkono kuchukua kopo la dawa, nikajikuta nimesema: “Anameza vidonge vya sukari, vya hospitali. Kila siku.”

Tabibu akalirudisha kopo mahali pake. Akasema leo hatoi dawa, turudi na vidonge avione, kwa sababu majani machungu ya kwenye kopo lile nayo yanashusha sukari, na dawa mbili zikikutana mwilini zinaweza kumwangusha mtu. Baba akaaga kwa adabu zote. Tulipofika nje akanigeukia.

“Somoe, umeniaibisha.” Halafu, huku anatembea, “Na yule si tabibu. Tabibu gani anamuuliza mgonjwa anaumwa nini?”

Siku nzima hakunisemesha, wala ya pili yake. Niliumia, sikufichi, maana hakuna mtu niliyempenda duniani kama baba.

Yeye akaenda sokoni kwa mwuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti. Huyo hakuuliza kitu. Alimtazama tu usoni akamwambia, “Mzee, una sukari, una presha, na nguvu zimekupungua.” Mwanangu, mwambie hivyo mzee yeyote wa umri ule, utakosea wapi? Baba akarudi na chupa yake, amefurahi, akawa anakunywa asubuhi na jioni, na vidonge anaendelea navyo.

Haikuchukua muda. Alikuwa dukani anapima ufuta, mara mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likalowesha kanzu yote. Akaniita kwa jina la dada yake, marehemu wa siku nyingi, akaniuliza kama nimeshachota maji. Sukari ilikuwa imemshuka mno; Mama akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo wakati bado anaweza kumeza, jirani akatoa gari, tukamkimbiza hospitali.

Daktari, mwanamke kijana, akauliza, “Ametumia dawa gani nyingine? Za kienyeji?”

Mama akaogopa. Wakati ule ukitaja mitishamba hospitalini, ulikuwa unagombezwa mbele za watu. “Hajatumia kitu, mwanangu,” akajibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamtazama baba, nikaufunga. Sikutaka kumwaibisha mara ya pili.

Baba alikuwa amelala, macho nusu wazi. Akanyoosha mkono, akanishika vidole.

“Somoe,” akasema, sauti haitoki sawasawa. “Mwambie. Mwambie yote.”

Nikasema yote huku nalia, chupa na vidonge na mwuza dawa wa sokoni, na daktari akajua pa kushika.

Alipopata nafuu tukarudi kwa yule tabibu, safari hii baba mwenyewe kabeba vidonge vyake. Alipoulizwa hali akajibu, “Mimi mgonjwa, tabibu.” Sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Tabibu akampangia chakula, akamwambia awe anatembea, na vidonge asiviache bila daktari wa hospitali kujua. Dawa ya kunywa hakumpa kabisa! Baba akaishi, akawabeba wanangu wote, na wewe akakubeba.

Sasa keshokutwa ukija, mwanangu, njoo na kila kidonge unachomeza, hata kile ulichopewa na shoga yako. Dawa ya hospitali usiiache kwa kuwa umeanza ya majani, na ukirudi hospitali, huko nako sema unachokunywa. Tabibu akikuuliza mengi, hata ya chooni, usidhani hajui kazi. Mwenye kutia shaka ni yule asiyeuliza. Nawe muulize: amesomea wapi, amesajiliwa, dawa hii ni nini na inafanya nini mwilini. Akikuahidi kuimaliza sukari kwa wiki moja, chukua mkoba wako uondoke. Akikuambia utupe vidonge, usisubiri hata amalize.

Na la kwanza kabisa kumwambia ni lile ambalo hata mimi hujaniambia. Najua desturi yetu, mimba changa haitangazwi. Lakini nimezaa watano, mwanangu, na siku ya Idi nilikuona ulivyoikimbia sahani ya pweza. Nifiche mimi ukitaka, sitanuna. Tabibu usimfiche, maana kuna majani yanayomfaa mtu mzima na yanamdhuru aliye tumboni. Nitakusindikiza mwenyewe, nitakaa kiti cha pembeni, na ukilimeza neno hilo nitalisema mimi, unikasirikie mpaka ujifungue.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na huyo uliyembeba, akufikishe salama, akujaalie watu wa kukusemea siku utakaposhindwa kusema. Amina.